Sauti Yenye Mkwaruzo
Mhadhara wa mshabiki wa roki, uliotolewa mjini Dodoma

 

Walioniita hapa wanaujua udhaifu wangu. Mchana nafundisha fizikia. Jioni nasikiliza Jimi Hendrix kwa sauti ambayo majirani zangu wa Area C wamekwisha kuizoea, au wameamua kunivumilia tu. Mada niliyopewa ni muziki wa laivu, albamu za zamani na filamu za muziki, kwa jicho la mshabiki wa roki. Nimeipokea, ila nitawapitisha nayo Ugogo. Wapo watakaosema nalazimisha undugu usiokuwepo. Nisikilizeni kwanza, mtanisulubu wakati wa maswali.

Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza, nilipompa asikilize wimbo kwenye simu yangu: "Mwalimu, hili gitaa limeharibika?" Nikamwambia ndiyo, limeharibiwa makusudi. Mwaka 1958 Mmarekani Link Wray alitoa kipande kinachoitwa "Rumble". Hakina hata neno moja, lakini baadhi ya vituo vya redio vya huko vilikataa kukipiga kwa kuogopa kingechochea vijana kupigana. Ili apate ule mngurumo alichukua penseli akaitoboatoboa karatasi ya spika ya amplifaya yake. Mwaka 1964 kijana wa London, Dave Davies wa bendi ya The Kinks, akachukua wembe akaichana spika yake, na matokeo yake yamo ndani ya "You Really Got Me". Mwaka uliofuata Keith Richards wa Rolling Stones hakuhitaji tena wembe, maana kiwanda kilishaanza kuuza kiboksi cha kukanyaga kwa mguu kinachofanya kazi hiyohiyo. Biashara nzima ya roki imesimama juu ya spika iliyochanwa. Nywele ndefu na suruali za ngozi zilikuja kama mapambo.

Sasa chukueni ilimba. Najua wengi humu mmeiona tangu utotoni na pengine kwa sababu hiyo hamjawahi kuitazama. Ni sanduku la mbao, juu yake zimepangwa fimbo nyembamba za chuma zilizofuliwa zikawa bapa, zinazopigwa kwa vidole gumba. Kwenye ubao kuna tundu. Fundi akishamaliza kila kitu, chombo kikiwa kinatoa sauti safi kabisa, huenda kutafuta utando mweupe ambao buibui hufunikia mayai yake, mara nyingi ukutani au kwenye gome la mti. Huubandua taratibu, huutandaza juu ya lile tundu na kuugandisha. Ni mwembamba kuliko karatasi ya sigara. Chuma kikipigwa, hewa ndani ya sanduku inausukuma ule utando, nao unalia: zzzz. Kila noti inatoka na kivuli chake cha mkwaruzo. Tena baadhi ya vile vyuma havipigwi kabisa. Vimewekwa viitikie tu wenzao wanapoguswa. Utando ukipasuka, mwenye ilimba hawezi kuanza kupiga mpaka apate mwingine.

Kwa hiyo Link Wray na penseli yake alikuwa akitafuta kitu ambacho wafua vyuma wa Ugogo walikipata kwa msaada wa buibui, bila kutoboa mali ya mtu.

Niliwahi kuhudhuria hafla moja hapa mjini, kwenye ukumbi ambao sitautaja. Mzee mmoja alialikwa apige ilimba kabla ya hotuba. Fundi mitambo, kijana mwerevu na mchapakazi, akamsogezea maiki. Ule mkwaruzo uliposikika kwenye spika kubwa, kijana alishtuka. Akabadilisha waya. Akabadilisha maiki. Mwisho akamwinamia mzee na kumwambia kwa adabu, "Babu, samahani, chombo chako kinakwaruza." Mzee akamjibu, "Ndiyo, mjukuu wangu. Nimekitengeneza kikwaruze." Kijana akatikisa kichwa kwa heshima, akarudi kwenye mashine yake na kushusha vitufe vyote vya sauti nyembamba mpaka mkwaruzo ukaisha. Tulichosikia baada ya hapo kilikuwa kama simu inayoita ndani ya mkoba. Watu wakapiga makofi, hotuba ikaanza.

Simlaumu kijana. Amefundishwa kwamba sauti nzuri ni sauti safi, na somo hilo kalipata kutoka kwenye kwaya, redio na matangazo ya simu. Mimi kama mwalimu wa fizikia ningemweleza hivi. Uzi ukitetemeka, hautoi sauti moja. Unatetemeka wote kwa pamoja, na wakati huohuo unatetemeka kwa nusu zake, theluthi zake, robo zake, na kuendelea, hivyo ndani ya noti moja mna ngazi ya sauti zinazopanda, kila moja ikiwa nyembamba kuliko iliyo chini yake. Kwenye sauti safi hizo za juu husikika kwa mbali sana. Ukiweka mkwaruzo, iwe kwa wembe au kwa utando wa buibui, unaziamsha zote. Ndiyo maana mpiga gitaa la roki hupenda kupiga noti mbili tu, ya kwanza na ya tano: akiongeza ya tatu kwenye amplifaya iliyovurugwa, zile sauti za ndani zinagombana na kuwa uji.

Na hapa ndipo Wagogo wananitoa jasho. Wataalamu wa muziki walioisikiliza kwa makini mitindo ya Ugogo wamegundua kwamba noti zake zimechukuliwa kutoka kwenye ngazi hiyohiyo ya ndani, takriban kuanzia ya nne hadi ya tisa au ya kumi. Ya saba haimo kwenye kinanda cha kanisani. Ukiitafuta utaambulia pengo kati ya funguo mbili. Mgogo anaiimba bila shida kwa sababu anaisikia ndani ya ilimba yake na zeze lake. Ukisikia waimbaji wa nindo, uimbaji wa kikundi wa Wagogo, wanaitikiana, zile sauti zinazopishana hewani mpaka nywele zinasimama, jua kwamba hesabu yake iko sawasawa. Anayesema wanaimba nje ya ufunguo anaupima mti kwa kibaba.

Tuje kwenye albamu. Mshabiki wa roki ana ibada yake ya albamu: anajua mwaka, studio, nani alipiga besi, nani aligombana na nani. Mimi nitafanya ibada hiyo kwa mtoto wa mkoa huu, Hukwe Zawose, na naomba mnifuate, maana njia ni ya mzunguko na inapita kwenye matope ya Uingereza.

Peter Gabriel alikuwa mwimbaji wa bendi ya Genesis, akajitoa mwaka 1975. Mwaka 1982 yeye na wenzake waliandaa tamasha kule Shepton Mallet, wakaliita WOMAD. Nia yao ilikuwa kuwaweka wanamuziki wa dunia nzima jukwaa moja na bendi za roki, na ilifika hadi wapiga ngoma wa Burundi kupiga pamoja na Echo & the Bunnymen. Muziki ulikuwa mtamu, hesabu ilikuwa chungu. Waandaaji walibaki na madeni ya kutisha. Basi Genesis wakakubali kumwokoa mwenzao wa zamani: tarehe 2 Oktoba 1982 walikutana naye kwa onyesho moja kwenye uwanja wa wazi wa Milton Keynes, mvua ikinyesha, Gabriel akiingizwa jukwaani ndani ya jeneza. Washabiki wa Genesis wanalikumbuka onyesho lile kwa sababu bendi yao ilikuwa imerudi pamoja. Mimi nalikumbuka kwa sababu bila zile tiketi WOMAD ingekufa mwaka wake wa kwanza, na mwaka 1989 pasingekuwa na Gabriel wa kuanzisha lebo ya Real World. Maelfu ya washabiki waliolowa siku ile walikuwa wanailipia Ugogo bila kujua.

Zawose alikulia kwenye ng'ombe wa baba yake, akajifunza muziki kwake. Mwalimu Nyerere alipotaka taifa jipya liwe na sanaa yake, Zawose alichukuliwa Dar es Salaam, na baadaye akahamia Bagamoyo kwenye Chuo cha Sanaa. Mwaka 1985 lebo ndogo ya London, Triple Earth, ikatoa "Tanzania Yetu", ambamo yumo pamoja na Dickson Mkwama na Lubeleje Chiute. Huo ndio mwaka wa tamasha la Live Aid. Tarehe 13 Julai watu kama elfu 72 walijaa Wembley kuchangia waliokumbwa na njaa Ethiopia, na jukwaani hapakuwa na bendi hata moja iliyotoka Afrika. Nasema bendi, maana waliozaliwa Afrika walikuwepo: Sade wa Ibadan, na Freddie Mercury wa Unguja aliyeuteka uwanja ule mpaka leo hawajamaliza kusimulia. Mtu wa Dodoma alikuwa kwenye maduka ya santuri ya jiji lilelile.

Albamu yenyewe, ile ambayo nyumba yangu ikiungua nitaikimbilia kabla ya vyeti, ni "Chibite" ya mwaka 1996, iliyotolewa na Real World. Isikilizeni kwa spika nzuri, msiisikilize kwa simu. Mtasikia utando wa buibui. Yule aliyerekodi aliuacha uingie, tena akausogezea maiki. Mtasikia pia sauti ya Zawose ikitoka chini kabisa kifuani na kupaa mpaka mahali ambapo huwezi kusema tena kama ni mwanamume anayeimba au ni zeze. Robert Plant wa Led Zeppelin alisifiwa duniani kote kwa kupanda ngazi kama hiyo. Mimi nampenda Plant. Zawose anapanda na haonekani kuchoka.

Mwaka 2002 ikatoka "Assembly", ambayo Zawose aliifanya na Michael Brook. Brook ni mpiga gitaa wa Kanada aliyebuni gitaa ambalo noti yake haikatiki. Alitengeneza moja kwa ajili ya The Edge wa U2, na ndilo linalolia ule mlio mrefu kwenye "With or Without You" ya mwaka 1987. Kwa maneno mengine, mikono iliyomtengenezea gitaa mpigaji wa U2 ndiyo iliyokaa mbele ya ilimba. Albamu hiyo siipendi yote. Kuna mahali midundo ya kompyuta imemjengea Zawose ukuta akabaki anachungulia. Lakini pale gitaa la Brook linapoishika noti na ilimba ikaikwaruzia pembeni, hoja yangu yote ya leo imo mle, wala haihitaji mhadhara. Mwaka huohuo Hukwe na mpwa wake Charles walipanda jukwaani na Peter Gabriel kwenye ziara yake ya Amerika ya Kaskazini.

Yuko mwingine ambaye tunamsahau tunapozungumza habari za Ugogo, kwa sababu alishika gitaa la umeme: Patrick Balisidya, mzaliwa wa Mvumi, 1946. Vijana wa leo wanamjua kwa "Harusi", wakidhani alikuwa mtu wa Dar es Salaam. Afro 70, bendi aliyoiunda baada ya kupitia Dar es Salaam Jazz, ilitumia gitaa kwa namna ambayo bendi nyingine za dansi hazikuthubutu. Lilikuwa na ukali, lilikuwa na moshi ndani yake. Bendi hiyo ilituwakilisha Lagos kwenye FESTAC mwaka 1977, na baadaye Balisidya akarekodi Sweden na bendi ya Archimedes Badkar albamu ya "Bado Kidogo". Anayetaka kujua roki ya Kitanzania ingefikia wapi aanzie hapo, kisha atafute Sunburst, vijana wa Dar waliopiga roki yenye asili ya Kiafrika katikati ya miaka ya 1970, ambao rekodi zao zilikusanywa na kutolewa na lebo ya London mwaka 2016. Mtaona tabia moja: Uingereza, Sweden, tena Uingereza. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, kwa hiyo muziki wetu ulibaki kwenye mikanda ya Radio Tanzania au ukaenda kuzaliwa ugenini. Leo mtu wa Mvumi anayetaka santuri ya Balisidya anaagiza Ulaya na kulipia na ushuru.

Zawose alifariki Desemba 2003. Mwaka uliofuata wakaondoka Charles na Balisidya.

Muziki wa laivu. Hapa nitakuwa mkali kidogo, wenyeji mnisamehe. Mji huu una uwanja wa Jamhuri, una kumbi mpya kila mtaa, una spika za kutikisa mabati mpaka Kizota. Jukwaani lakini, mara nyingi, ni kijana mmoja na maiki akiimba juu ya wimbo wake mwenyewe uliorekodiwa, na wimbo ule unaendelea hata akinyamaza kunywa maji. Kwa mshabiki wa roki huo ni msiba. Onyesho la laivu ni mahali ambapo jambo linaweza kuharibika. Hendrix alipopiga kwenye tamasha la Woodstock asubuhi ya Jumatatu tarehe 18 Agosti 1969, watu wengi walikwisha kuondoka, bendi yake ilikuwa haijakaa sawa, na ndani ya hali hiyo akapiga wimbo wa taifa la Marekani kwa gitaa lililokuwa linalia kama mabomu ya Vietnam. Mashine haiwezi kukupa asubuhi kama ile, kwa sababu mashine haikosei.

Nataka mwende Chamwino. Tangu mwaka 2009 Kituo cha Sanaa Chamwino kimekuwa kikiandaa tamasha la muziki wa Kigogo, kazi iliyosukumwa na Kedmon Mapana, mtoto wa kijiji cha Nzali aliyesomea muziki wa kwao mpaka shahada ya uzamivu, na baadaye akawa Katibu Mtendaji wa Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA). Vikundi vinatoka vijijini na ngoma zao. Simama karibu na akina mama wa muheme. Ngoma imebanwa kati ya mapaja, mpigaji amesimama, mikono inashuka kwa zamu, mabega yanacheza, na nyuma yake wenziwe wanajibu kwa pigo ambalo kila mara linaonekana limechelewa na kila mara limewahi. Vumbi linapanda mpaka kwenye magoti. Mara ya kwanza nilijaribu kuhesabu mapigo kama ninavyohesabu ya John Bonham wa Led Zeppelin. Mama mmoja aliyeniona nikitikisa kidole akaniambia, "Baba, acha kuhesabu, utaanguka."

Kuhusu filamu sitakaa sana. Filamu ya muziki ina shida moja kubwa: kamera ielekezwe wapi? Martin Scorsese alipofanya "The Last Waltz", onyesho la kuaga la The Band la Novemba 1976, aliwatazama wanamuziki tu, umati akauacha gizani. Jonathan Demme kwenye "Stop Making Sense" ya 1984 alianza na mwimbaji David Byrne peke yake na gitaa na redio kaseti, kisha kila wimbo ukaongeza mtu, mpaka jukwaa likajaa. Hiyo ndiyo filamu ya roki niipendayo kuliko zote, na ukiitazama baada ya kutoka Chamwino utaona wamefika kwa njia ndefu mahali ambapo kikundi cha nindo kinaanzia: mmoja anatoa sauti, wengine wanaingia. Ila kwa Wagogo swali la kamera ni gumu zaidi, kwa sababu umati na wanamuziki ni watu walewale. "Africa: The Beat", filamu ya mwaka 2011 iliyopigwa Nzali na kundi la Samaki Wanne, inalijaribu. Polo Vallejo, Mhispania aliyeuchunguza muziki wa Wagogo kwa miaka mingi, alikuwa mmoja wa walioitengeneza, na subira yake inaonekana.

Nyingine ni "Throw Down Your Heart" ya mwaka 2008. Mpiga banjo wa Marekani, Béla Fleck, anazunguka Uganda, Tanzania, Gambia na Mali akitafuta asili ya chombo chake. Huku kwetu anakutana na Anania Ngoliga, Mgogo asiyeona, na vicheko vya Anania vinaiba kila tukio alilomo. Fleck ni fundi wa kuogopwa, lakini mbele ya Anania uso wake unakuwa wa mwanafunzi aliyesahau daftari. Albamu iliyotokana na safari ile ilipata tuzo ya Grammy mwaka 2010, na ndani yake kuna kipande kilichoitwa kwa jina moja tu, "Zawose", alichopiga na ukoo wa marehemu. Anania na mwanamuziki mwenzake John Kitime walikwenda naye hata Marekani kwenye majukwaa. "Bohemian Rhapsody", filamu ya mwaka 2018 kuhusu Freddie Mercury, iliyojaza kumbi za sinema duniani, ina Unguja kiasi cha chumvi ya kijiko. Hii ya Fleck haikupata hata robo ya watazamaji wale. Ningekuwa na projekta ya kukopesha ningeionyesha Nyerere Square, bure.

Nimalizie na habari mpya. Kwenye ukoo wa Zawose wanawake waliimba nyuma, wakacheza, wakapiga muheme. Ilimba na zeze vilikuwa vya wanaume. Mwaka 2024 Pendo, binti wa Hukwe, na Leah, mjukuu wake, walitoa albamu kwa jina la The Zawose Queens, inaitwa "Maisha", chini ya Real World ileile. Vyombo sasa wameshika wao. Kuna umeme kwenye albamu ile, kuna besi nzito, na watu wa mapokeo wamekwisha kunung'unika. Nimeisikiliza nikitega sikio kwenye jambo moja tu. Mkwaruzo upo, tena umewekwa mbele. Uingereza wamekwisha kuwaona wakipiga laivu. Mimi bado sijawaona kwenye jukwaa lolote la Dodoma, na siku mtakapowaleta nitakuja mapema, nikae karibu na fundi mitambo nimshike mkono.